Mzee haumwi kitu, ila naomba umwandikie rufaa

Nianze moja kwa moja. Kwenye vituo vyetu vya afya huku Dodoma mtu akiingia na kikohozi cha wiki mbili kila mtu anajua cha kufanya, makohozi yanakwenda maabara, anapimwa TB, anaandikwa kwenye rejista, kazi inaenda. Sasa aingie mtu mwingine, ana miaka sitini na kitu, kavuta sigara tangu yuko kijana, hakohoi, kaja kuchukua dawa zake za presha. Anapimwa presha, anapewa dawa za mwezi, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu mapafu yake maana hakuja kwa ajili ya mapafu. Huyo wa pili ndo nataka kumuongelea, kwa sababu kansa ya mapafu kipindi inapotibika vizuri ndo kipindi ambacho mara nyingi haina kikohozi, haina maumivu, haina chochote cha kumleta mtu hospitali, na sisi utaratibu wetu wote umekaa kumsubiri anayekohoa.

Mimi ni tabibu, nipo kituo cha afya pembezoni mwa jiji, wagonjwa wangu wengi ni wakulima na wafugaji wa vijiji vya jirani, mafundi, madereva, wastaafu waliorudi nyumbani. Sio bingwa wa kansa. Lakini rufaa zinaanzia kwetu sisi wa chini, bingwa aliyeko Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini hawezi kumuona mtu ambaye hakuna aliyemtuma, na mtu ambaye haumwi hawezi kujituma mwenyewe, atasemaje pale mapokezi?

Kwanza tuelewane kinachopimwa ni nini, maana ukimwambia mtu kupima mapafu anawaza eksirei moja kwa moja. Eksirei ya kifua ilishajaribiwa kwa kazi hii. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa PLCO, majibu yalitoka 2011, watu waliopigwa eksirei kila mwaka walikufa kwa kansa ya mapafu sawasawa tu na ambao hawakupigwa, kwa sababu kivimbe kikiwa kidogo kinajificha nyuma ya mbavu au nyuma ya moyo na picha inasomeka safi. Kilicholeta tofauti ni siti skani ya dozi ndogo, yani mashine inayopiga picha za kifua kipande kwa kipande kwa mionzi kidogo. Mwaka uleule 2011 yakatoka majibu ya utafiti mwingine wa hukohuko, NLST, watu zaidi ya 53,000 ambao ni wavutaji wakubwa au waliowahi kuwa, kundi moja likapigwa siti skani ya dozi ndogo mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu, kundi la pili eksirei, na vifo vya kansa ya mapafu kwenye kundi la siti skani vikawa pungufu kwa asilimia 20. Waholanzi na Wabelgiji nao wakafanya wa kwao, NELSON, majibu yakachapishwa 2020, kwa wanaume vifo vilipungua kwa asilimia 24 ndani ya miaka kumi. Kwa ugonjwa ambao mwaka 2022 pekee umeua watu milioni 1.8 duniani, kuliko kansa nyingine yoyote, hizo asilimia ni watu wengi mno.

Kipimo chenyewe hakina mambo mengi. Unalala, mikono unaipeleka juu ya kichwa, unaambiwa vuta pumzi ishikilie hapohapo, mashine inapita sekunde chache, umemaliza. Hamna sindano, hamna dawa ya kunywa, hamna kukaa na njaa. Mionzi ni kama milisiveti 1.5 hivi, wakati siti skani ya kawaida ya kifua inafika kama 7.

Sasa nani anastahili? Wamarekani wana jopo lao la wataalamu linaloitwa USPSTF, mwaka 2013 walisema miaka 55 mpaka 80, 2021 wakashusha wakasema miaka 50 mpaka 80, awe amevuta angalau kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Hiyo pakiti ni ya sigara 20, na hesabu inageuka, nusu pakiti kwa miaka 40 ni sawa na pakiti nzima kwa miaka 20. Uingereza serikali yao ilitangaza 2023 mpango wa nchi nzima kwa watu wa miaka 55 mpaka 74 waliowahi kuvuta. Sisi huku hatuna mpango wa kitaifa wa mapafu. Shingo ya kizazi tunayo, mama anakuja anapakwa siki anaangaliwa siku hiyohiyo, matiti tunakagua, mapafu hamna. Kwahiyo kwetu yote inategemea yule mtu mmoja aliyekaa upande wa pili wa meza, akiuliza rufaa inaandikwa, asipouliza basi.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Nikupe mfano wa babu mmoja, simtaji wala kijiji chake sikitaji. Alikuja kliniki ya presha, nikamuamkia shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, kitu cha kwanza nikaangalia kadi yake, kwenye sehemu ya sigara imeandikwa HAPANA, na tarehe mbalimbali, yani kila aliyemuona kaandika hapana. Ukimuuliza mzee "unavuta sigara?" na ameshaacha, atakujibu hapana, na ni ukweli mtupu. Mimi nikamuuliza babu umewahi kuvuta? Akacheka akasema ah, hiyo ni habari nyingine mjukuu wangu.

Nikamuuliza alianza lini. Miaka hana kichwani, wazee wetu wengi tarehe hawazishiki hivyo, ila matukio wanayo yote. Akasema alianza walipohamishiwa kijijini, ile Operesheni Dodoma, alikuwa kijana hajaoa. Hapo nikaandika 1971. Akasema aliacha mwaka bibi alipofariki, nikauliza rais alikuwa nani, akasema ulikuwa uchaguzi, ndo Magufuli anaingia. 2015. Miaka 44 hiyo. Na kwa siku ngapi? "Kidogo tu." Hapo ndo wengi wanaishia, wanaandika "kidogo" au "kwa kiasi" na faili linafungwa. Mimi huwa naipitia siku nzima na mgonjwa. Nikamwambia babu nitajie tangu unaamka. Alfajiri kabla ng'ombe hawajatoka zizini, moja. Machungani? Machungani tatu, nne kama kuna mwenzie. Ukirudi? Baada ya ugali moja, lazima. Jioni je? Jioni kilabuni pale hajui maana wanapokezana, ila nne haikosi. Tukajumlisha wote wawili kwa sauti tukapata kumi. Kumi kwa siku ni nusu pakiti, nusu pakiti mara miaka 44 ni 22, yani amevuka ile 20 inayotakiwa. Ameacha miaka kumi iliyopita. Umri wake unakaribia 70. Yani kwa kipimo cha Wamarekani wenyewe babu huyu anaingia bila wasiwasi, na kadi yake inasema hapana.

Naomba wenzangu mnaosoma hapa mlichukue hilo kama lilivyo. Uliza "umewahi". Andika namba. Haichukui dakika tatu, na ukishaandika mara moja kwenye kadi au kwenye mfumo mwenzako wa mwezi ujao hana haja ya kuuliza upya.

Ila hiyo rula ya Marekani kwa huku kwetu ina matatizo na sitaki kuyaficha. Watu wetu wengi hawanunui pakiti, wananunua moja moja dukani, fegi mbili leo, kesho tano akilipwa, mwezi wa njaa hana kabisa, mavuno yakiingia au zabibu zikiuzwa anavuta kama tajiri. Kwahiyo ukimhesabu kwa haki utakuta wengi wako chini ya hiyo 20, ana 8, ana 12. Halafu kuna wa kiko, kuna wa tumbaku ya kusokota kwenye karatasi ya daftari, hiyo unaihesabuje? Mimi naandika kama ilivyo, "kiko, mara 3 kwa siku, miaka 30", bingwa ataamua. Ugoro nauandika pia lakini huo sio habari ya mapafu, huo namuangalia mdomo.

Na kuna jambo ambalo kwa ukanda huu wa kati naliona ni kubwa kuliko tunavyolipa uzito, migodi. Vijana wetu wa Dodoma na Singida wameshinda miaka kwenye machimbo, Sekenke kule Iramba, Londoni kule Manyoni, wengine walikwenda mpaka Mererani, wanachoronga mwamba mkavu, vumbi lile jeupe wanalivuta mchana kutwa bila kinga yoyote. Vumbi la silika, ndo hilo la mwamba, lipo kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu, shirika la utafiti wa kansa la WHO lililiweka huko tangu 1997. Moshi wa dizeli nao umo tangu 2012, mafundi wa gereji na madereva wa malori mpo hapo. Sasa mtu ana 12 za sigara na miaka kumi na tano ya mgodini na TB aliugua mara mbili, ukimpima kwa rula ya sigara peke yake unamwambia nenda nyumbani uko salama? Mimi simwambii hivyo. Namuandikia aonwe na bingwa, naeleza kila kitu, bingwa ndo ataamua kama siti skani inafaa. Sipitishi uamuzi ambao sio wangu lakini simfichi mtu huyo pia.

Akina mama wa jikoni nao wananiumiza kichwa, mama ana miaka 60, hajawahi kugusa sigara, kapika na kuni ndani ya tembe tangu ana miaka minane. Moshi wa kuni wameuweka kwenye kundi la pili, kwamba kuna uwezekano mkubwa unaleta kansa, na moshi wa sigara ya mume ndani ya nyumba uko kundi la kwanza kabisa. Tafiti kubwa nilizozitaja hapo juu ziliwahusu wavutaji, kwahiyo kwa mama huyu siwezi kusema kipimo kimethibitika kumsaidia. Ila akianza kukohoa sitamwambia ni moshi tu.

Nije kwenye TB, maana hapa ndo kuna mtego. Nchi yetu ina TB nyingi na mtu aliyewahi kuugua anabaki na makovu kwenye mapafu, vivimbe vidogo vidogo, na siti skani inaviona vyote. Hata kule Marekani ambako TB ni chache, kwenye ule utafiti wa NLST karibu robo ya picha zilikuwa na kitu cha kutiliwa shaka na zaidi ya asilimia 95 ya hivyo vitu havikuwa kansa. Kwetu itakuwa zaidi. Kila kivimbe ni wasiwasi, ni kurudi tena, wakati mwingine ni kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano inayopitishwa kifuani, na sindano ile inaweza kutoboa pafu likavuja hewa. Hii ndo sababu sikubaliani na wale wanaosema basi tuwapime wote, kila mwenye miaka 50 aende. Hapana. Ukimpeleka mtu wa hatari ndogo unampa hasara zote za kipimo na faida anapata kiduchu. Wachache walio kwenye hatari kubwa kweli, hao ndo faida yao inazidi hasara, na hao ndo tunaowaacha wapite mlangoni na dawa zao za presha.

Na tofauti nyingine ambayo naomba isichanganywe. Rufaa ya uchunguzi wa awali ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye dalili huyo sio wa uchunguzi wa awali, huyo ni mgonjwa, anatakiwa aende haraka kwa vipimo kamili. Kikohozi kisichoisha au kikohozi cha zamani kilichobadilika, damu kwenye makohozi hata kidogo, kukonda, sauti kukwaruza wiki nyingi, maumivu ya kifua au bega yasiyoeleweka, ncha za vidole kuvimba na kucha kubinuka, nimonia inayorudi palepale kwenye pafu lilelile. Yupo baba mmoja alifika kwetu akiwa ameshamaliza miezi sita ya dawa za TB alizoanzishiwa sehemu nyingine kwa kuangalia picha tu, makohozi yake yalipimwa yakatoka hayana vimelea, akapewa dawa hivyohivyo, kila akirudi kulalamika anaambiwa vumilia dawa bado zinafanya kazi. Alikuwa amevuta miaka thelathini na ushee, kwenye karatasi zake zote hakuna palipoandikwa. Alipofika siti skani uvimbe ulikuwa umeshakwenda kwenye ini. Mkewe aliniuliza swali moja, kwanini hawakuuliza sigara, maana mimi ningewaambia. Sina cha kumjibu mpaka leo.

Kwahiyo kwa wenzangu wa vitengo vya TB, najua mnafanya kazi ngumu na mnaokoa watu wengi, TB tunaanza nayo ndiyo, ni sahihi. Lakini GeneXpert, ile mashine ya kupima TB kwenye makohozi, ikitoka haijaona kitu, mtu ana historia ya sigara au mgodi, na dawa za miezi miwili hazijambadilisha, msimmalizishe sita. Mtumeni.

Sasa rufaa yenyewe. Nimeziona rufaa nyingi, nyingine imeandikwa "kikohozi, achunguzwe zaidi", basi, na muhuri. Anayesoma picha kule juu hajui babu huyu ni nani, hajui kovu lile ni la TB ya mwaka gani, anaona kitu anaanza upya kutafuta. Mimi kwa mtu wa uchunguzi wa awali naandika hivi: umri, sigara ngapi kwa siku kwa miaka mingapi na jumla yake, anavuta au ameacha mwaka gani, kazi zote alizofanya na sio ya sasa tu, TB aliugua mwaka gani akatibiwa wapi akamaliza au hakumaliza, kwenye ukoo kuna kansa, magonjwa mengine, na naandika wazi kabisa HANA DALILI, naomba tathmini kwa ajili ya siti skani ya kifua ya dozi ndogo. Hilo neno dozi ndogo lisikose, ukiliacha atapigwa ya kawaida. Naambatanisha picha za zamani kama zipo. Picha ya zamani ina thamani sana kwenye hili jambo, kivimbe kilichokuwepo miaka mitatu iliyopita na leo kiko vilevile ni habari njema, kinaweza kumuepusha mtu na sindano. Wazee wanazitunza juu ya dari, wengine wameziba nazo dirisha, waambie walete.

Kabla sijaandika kuna swali ambalo lazima niulize hata kama ni gumu, babu wakikuta kitu utakubali kufanyiwa upasuaji? Maana faida ya kugundua mapema inatoka kwenye kutibu mapema, na kansa ya mapafu ikiwa bado ndogo tiba yake kubwa ni kukata kile kipande. Mtu ambaye moyo umechoka hawezi kupanda kilima kidogo bila kupumzika, au amesema kabisa mimi sichanwi, kumpiga siti skani kila mwaka ni kumtesa. Hata miongozo ya huko nje inasema hivyo. Babu yule aliniambia ngoja kwanza nimuulize mwanangu. Nikamwambia mpigie simu sasa hivi, akampigia mbele yangu, kijana yuko Dar, tukaongea wote watatu kwa spika. Mimi naona hii ndo njia sahihi kwa mazingira yetu, hela ya kipimo inatoka kwa mtoto, ng'ombe wa kuuzwa ni wa ukoo, uamuzi wa babu peke yake kwenye chumba changu ni nusu ya uamuzi. Kijana aliuliza maswali mazuri kuliko nilivyotegemea, ikiwemo kwanini apime kama haumwi, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa.

Upande wa hela niseme tu ukweli, bei ziulizwe kabla ya safari, na bima iulizwe kabla ya safari. Bima ya jamii kama CHF iliyoboreshwa inasaidia vitu vingi vya kawaida lakini usimpandishe mzee gari ukiamini italipa siti skani, piga simu kwanza. Wa NHIF hakikisha fomu ya rufaa imekamilika, mzee asirudishwe kaunta kwa sababu ya sahihi. Afadhali sasa hivi mashine zimesogea, zamani siti skani ilikuwa ni kuwaza Dar, baada ya zile trilioni 1.3 za UVIKO-19 za mwaka 2021 hospitali nyingi za rufaa za mikoa zilipata. Na kama mambo yatafika mbali mpaka Ocean Road au Muhimbili, tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 mgonjwa hateseki njiani kama tulivyozoea kwenye mabasi.

Babu alikwenda. Majibu yakaja, kovu la TB pafu la kulia juu, na upande wa kushoto kivimbe cha milimita 5. Familia ilishtuka sana, kijana alinipigia usiku. Nikamtuliza, kivimbe kigumu chini ya milimita 6 kwa mtu wa namna hii utaratibu unaotumika sana ni kurudia picha baada ya mwaka, kikiwa 6 mpaka 8 ni miezi sita, kikifika 8 na kuendelea ndo miezi mitatu au vipimo zaidi. Bingwa naye aliwaambia mwaka. Sasa hapo kazi inarudi kwetu, kwa sababu mwaka ni mrefu na babu haumwi, akisahau hakuna wa kumkumbusha. Nimeandika mwezi wa kurudia kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya presha, namba ya kijana ninayo, na mama anayeshughulika na kliniki ya presha nimemweleza habari yote. Kipimo hiki mtu akikifanya mara moja akapotea hakina maana, ni cha kila mwaka, anapimwa mpaka atakapozidi umri au atakapofikisha miaka 15 tangu aache sigara. Kwa babu ni mpaka 2030.

Kwa wanaovuta bado, rufaa isiende peke yake. Kumuandikia mtu siti skani ukamuacha na sigara zake mfukoni ni kufanya nusu ya kazi, na hii nusu nyingine haihitaji mashine wala gari. WHO wanasema miaka kumi baada ya kuacha, hatari ya kansa ya mapafu inashuka mpaka kama nusu ya ile ya anayeendelea. Vidonge na bandeji za nikotini kwenye vituo vyetu hamna, tunachonacho ni maneno na ufuatiliaji, kwahiyo tunavitumia. Nachofanya nakubaliana naye siku, siku kweli yenye tarehe, tunaongea zile fegi ngumu ni zipi, kwa wengi ni ile baada ya kula na zile za kilabuni, na kila akija kwa dawa za presha naanza na hilo kabla ya presha. Wengine wanaanguka wanarudi, naanza nao tena, sigombi. Mzee ukimgombeza mwezi ujao atamtuma mjukuu kuchukua dawa.

Mwisho kwa nyie mlioko Dar, Arusha, Mwanza huko na wazazi wako Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Kondoa. Mkipiga simu wikiendi hii muulizeni baba alianza kuvuta lini, aliacha lini, kwa siku zilikuwa ngapi, na kama aliwahi kufanya kazi mgodini. Muulize na mama, mama ndo anajua hesabu ya kweli. Andika kwenye karatasi au mtumie ujumbe anayeishi naye pale nyumbani, siku baba anakwenda kliniki iende na kadi yake pamoja na picha za kifua za zamani, na kwenye chumba cha daktari asisubiri kuulizwa, aitoe aiweke mezani.